Pale Mchezo Usipokiri Kuwa ni Mchezo

Kuna aina ya mchezo usio na ubao, usio na karata za kugawa, wala hauanzi kwa mtu kubonyeza kitufe. Unaanza kwa jina la ajabu kwenye bango la filamu, kwa barua pepe usiyoitarajia, au kwa tovuti ya kampuni ambayo haipo. Anayeucheza hapewi kanuni. Hadithi inamfuata alipo, kwenye simu yake, kwenye sanduku lake la barua, njiani anapopita. Ndiyo michezo ya uhalisia mbadala. Nimeicheza, kisha nikashiriki kuandaa mmoja. Pande zote mbili zimenipa furaha ambayo sijaipata katika mchezo mwingine wowote, pamoja na usiku ambao nisingependa mtu mwingine aupitie. Naandika kwa ajili ya anayetaka kuingia, na zaidi kwa ajili ya anayetaka kuandaa wa kwake.

Kilichonivuta ni habari za mchezo wa mwaka 2001. Steven Spielberg alikuwa karibu kutoa filamu ya A.I. Artificial Intelligence, na katika orodha ya watengenezaji wake likaonekana jina la Jeanine Salla, aliyetajwa kuwa mtaalamu wa tiba ya mashine zenye hisia. Kazi hiyo haipo duniani. Waliolitafuta jina hilo kwenye intaneti walikuta tovuti za chuo kikuu, za familia na za mashirika, zote zikizungumza kana kwamba tuko mwaka 2142, na ndani yake kulikuwa na kifo cha mhusika aitwaye Evan Chan ambacho hakikuonekana kuwa ajali. Nyuma ya pazia kulikuwa na timu ya Microsoft, wakiwemo Jordan Weisman, Elan Lee na mwandishi Sean Stewart. Hawakujitokeza hadi hadithi ilipokwisha. Hapakuwa na tangazo lolote kwamba huu ni mchezo. Leo unajulikana kwa jina la The Beast.

Kundi kubwa la wachezaji wake, Cloudmakers, lilifikisha watu zaidi ya 7,000. Waandaaji walisimulia baadaye kwamba mafumbo waliyodhani yangewashughulisha watu kwa muda mrefu yalifumbuliwa siku ya kwanza. Hawakuwa wamepiga hesabu ya vichwa maelfu vinavyofikiri pamoja, kila kimoja kikijua kitu ambacho jirani yake hakijui. Mimi nilipoisoma habari hiyo sikuvutwa na filamu wala na mafumbo. Nilivutwa na hilo la vichwa.

Miaka ikapita, nikapata mchezo wa kuucheza mwenyewe. Rafiki alinitumia picha ya ukurasa wa daftari la mkono wenye nambari pembeni, bila neno lolote. Wiki ile ile nikawa kwenye kundi la watu ambao sijawahi kukutana nao ana kwa ana, tukigawana kurasa za daftari lile. Mmoja alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Mwingine mwanafunzi wa hisabati. Alikuwepo mzee mstaafu aliyetumia ujana wake kuchora ramani, na sote tulimwita Mzee wa Ramani. Wengine tulipokuwa tukizihangaikia zile nambari kama msimbo wa herufi, yeye alituandikia kwa utulivu: "Wanangu, hizo ni nambari za mahali, digrii na dakika. Zimeandikwa kinyume tu." Kundi zima lililipuka kwa shangwe.

Nataka nilieleze vizuri jambo hili la furaha, maana wengi wanaoonya kuhusu michezo hii hawajawahi kuicheza. Mtu anabeba ujuzi ambao haujawahi kumfaa popote, shairi alilokariri utotoni, alfabeti aliyojifundisha kwa udadisi, namna ya kusoma nota za muziki, halafu siku moja watu wengi wanamngoja yeye tu. Nimeona watu wanyonge wakisimama wima kwa sababu hiyo. Ni kitu cha thamani, na kila onyo nitakalotoa humu ndani linatolewa na mtu anayetaka furaha hiyo ibaki.

Kisha simu ikaita. Sauti ya mwanamke aliyechoka iliniita kwa jina na kuniuliza kama nimeifikisha ile bahasha kwa kaka yake. Nilijua fika kwamba ni mwigizaji, maana namba yangu niliijaza mwenyewe kwenye fomu ya tovuti ya mchezo. Hata hivyo nilijikuta nimesimama, nampa pole, namhakikishia kwamba tunamtafuta kaka yake. Simu ilipokatika nilikaa muda mrefu bila kufanya kitu. Hadithi nyingine zote nilizowahi kuzipenda zilikuwa na ukingo: kitabu unakifunga, filamu inakwisha taa zikawaka. Hii ilikuwa na namba yangu ya simu.

Electronic Arts walijaribu kuifanya hali hiyo kuwa biashara katika mchezo wao wa Majestic, uliozinduliwa mwaka huo huo wa 2001. Uliwafuata wachezaji kwa simu, barua pepe, faksi na ujumbe wa papo kwa papo, ukiwasimulia njama ya siri. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani mchezo huo ulisimamishwa kwa muda, na mwaka 2002 ukafungwa. Nafikiri somo lake halijazeeka. Hadithi inayoingia kwenye simu ya mtu haichagui siku ya kuingia. Inaweza kumkuta msibani, hospitalini au nchi yake ikiwa katika hofu. Mwandishi wa kitabu halazimiki kuliwaza hilo. Mwandaaji wa mchezo huu analazimika kuliwaza kila asubuhi.

Gharama ya kwanza niliyoilipa kama mchezaji ilikuwa usingizi, na ya pili ilikuwa watu wa nyumbani. Vidokezo vilitolewa saa yoyote, na aliyelala aliamka akakuta kila kitu kimeshafumbuliwa. Kundi letu lilikuja kuokolewa na kanuni aliyoileta yule muuguzi: kidokezo kikitoka usiku, hakuna kutangaza jibu hadi asubuhi, hata kama umelipata. Wachache walinung'unika. Lakini tangu siku hiyo watu walianza kulala, na kundi halikupungukiwa na chochote. Kama unaingia kwenye mchezo wa namna hii na wenzako, pendekezeni kanuni kama hiyo mapema, kabla mashindano hayajawa na mizizi.

Gharama ya tatu sikuitarajia. Mchezo ulikwisha, wahusika wakaagana nasi, mimi nikabaki na macho yale yale. Tangazo likiwa na herufi iliyokosewa, nilisimama kulisoma mara ya pili. Namba ya gari, jina la ajabu kwenye risiti, picha mbili zinazofanana, vyote vilionekana kuwa na kitu cha kuniambia. Ilichukua majira kadhaa kutulia.

Baadaye nilisoma maelezo ya Reed Berkowitz, mbunifu wa michezo, aliyoyaandika mwaka 2020, nikajitambua humo. Anasimulia jinsi wachezaji wake walivyopaswa kutafuta kidokezo kwenye chumba cha chini ya nyumba. Sakafuni kulikuwa na vipande vya mbao vilivyobaki tu, visivyohusiana na mchezo, lakini vilikuwa vimeangukia mkao wa mshale unaoelekea ukutani. Wachezaji wakauacha mchezo wenyewe wakaushughulikia ukuta. Akili iliyoambiwa kwamba kuna ujumbe itaupata ujumbe, hata pale ambapo hakuna aliyeuandika.

Adrian Hon, mmoja wa wabunifu wa mchezo wa Perplex City, naye alieleza mwaka huo huo jinsi imani za njama kama QAnon, ile ya Marekani inayodai kuna kundi la siri la waovu wenye madaraka, zinavyofanana na michezo hii: vidokezo vidogo vidogo, watu wanaochimba pamoja, shangwe ya kuunganisha nukta. Na hata karibu miaka ishirini kabla yake dalili zilikuwepo. Baada ya Septemba 11 baadhi ya waliokuwa Cloudmakers walipendekeza kundi litumie uwezo wake kuyafumbua mashambulizi yale. Waliosimamia kundi wakawazuia, wakisema wazi kwamba hili si fumbo wala mchezo. Jane McGonigal aliliandika tukio hilo katika utafiti wake wa mwaka 2003. Nawaheshimu sana wasimamizi wale. Kuwaambia watu elfu kadhaa wenye uchungu, wanaojiona wana kipaji, kwamba hapa kipaji chenu hakihusiki, kunataka moyo.

Swali ninalojiuliza sasa kila macho yanaponivuta ni hili: nani ameniahidi kwamba jibu lipo? Ndani ya mchezo kuna mtu aliyeketi akaliandika jibu, anayetaka nilipate, na ambaye nikikwama sana ataongeza kidokezo. Nje ya mchezo hakuna aliyetoa ahadi hiyo. Swali hilo limenitosha mara nyingi, na nimewapa wengine waliokuwa wamezama kuliko mimi.

Sasa nije upande wa pili wa pazia, maana huko ndiko nilikojifunza zaidi.

Tulikuwa kikundi kidogo cha marafiki tuliokutana kwenye michezo ya watu wengine. Hadithi yetu ilihusu mtunza kumbukumbu aliyetoweka akaacha nyaraka zenye siri. Tuliandika barua zake, tukamtengenezea kurasa za mtandaoni zenye historia ya miaka, tukamtafutia sauti. Nani asingefurahi? Katika mapokeo ya michezo hii kuna kauli inayoshikwa karibu kama dini, kwamba "huu si mchezo", yaani mwandaaji hakiri kamwe. Tukaishika. Hatukuweka popote alama inayosema hii ni hadithi, wala anwani ya kutupata sisi wenyewe. Wakati huo tuliona ni heshima kwa mchezaji.

Kazi yenyewe ni nzito kuliko inavyoonekana kwa nje, na hili nalisema kwa anayepiga hesabu. Wachezaji wanakula maandishi kwa kasi ya kutisha. Tulichoandika kwa mwezi kiliweza kwisha mwishoni mwa juma moja. Mtu akikwama hapa, akienda pale ambapo hukutarajia, akimwandikia mhusika ambaye ulimtaja mara moja tu kwa kupita, inabidi uandike usiku huo huo, tena kwa sauti ya mhusika yule yule. Fedha za tovuti na namba za simu zilitoka mifukoni mwetu, lakini zilikuwa ndogo ukilinganisha na saa tulizotoa. Wawili kati yetu waliacha kabla ya mwisho kwa uchovu. Ningeandaa tena leo, nisingefungua mlango kabla robo tatu ya hadithi haijaandikwa, na robo iliyobaki ningeiacha wazi makusudi kwa ajili ya yale wachezaji watakayoyaleta.

Siku ya mtihani ilifika tulipokuwa katikati. Wachezaji wetu, kwa bidii ile ile tuliyoipenda, walitafuta jina la mtunza kumbukumbu nje ya tovuti zetu na wakampata. Wakampata kabisa: mtu halisi, mwenye jina hilo hilo, anayefanya kazi inayokaribiana na ile ya mhusika wetu. Wakaanza kumwandikia. Kwanza mmoja, kisha wengi. Walimwambia wanajua anafichwa, asiogope, wako upande wake. Mmoja akapata namba ya simu ya ndugu zake akapiga. Aliyepokea alijibu kwa adabu, "Ndugu yangu, huyu yupo hapa nyumbani, hajapotea. Ninyi ni nani?" Jibu hilo likapelekwa kwenye kundi kama ushahidi kwamba familia nayo inaficha.

Sisi tulikuwa tunaona yote, kwa kuwa tulikuwa tunalisoma kundi kimyakimya. Tulisimamisha mchezo saa hiyo hiyo. Tukaweka tangazo kwenye tovuti ya mchezo kwamba mtu huyo hahusiki, kwamba hii ni hadithi tuliyoitunga, tafadhali acheni kumwandikia.

Tangazo letu likasomwa kama sehemu ya mchezo.

Walilichambua herufi kwa herufi. Walihesabu maneno, wakachukua herufi za mwanzo za kila sentensi. Wapo waliosema ni wazi tovuti imetekwa na maadui wa mtunza kumbukumbu. Na kwa kanuni tulizowafundisha wenyewe, walikuwa sahihi kabisa: tulikuwa tumewazoesha kwamba kila kinachotokea kwenye tovuti ile ni hadithi, na kwamba anayekana ndiye anayeficha. Hatukuwa na sauti nyingine ya kutumia. Kumtoa mtu ndani ya hadithi ni kama kumwamsha aliyelala fofofo. Asipoijua sauti inayomwita, ataiingiza ndotoni.

Hatukuwa wa kwanza kuliona hili. Joseph Matheny, aliyeisambaza hadithi ya Ong's Hat kuhusu kijiji kilichotelekezwa na njia ya kwenda ulimwengu mwingine, alikutana na watu ambao hawakumwamini hata aliposema ni kazi ya kubuni. Kwao kukana kwake kulithibitisha. Ningeisoma habari hiyo kabla ya kuandaa, ingetusaidia.

Kilichotuokoa ni Mzee wa Ramani, ambaye alikuwa anacheza na kwetu pia. Tulimpigia simu kwa majina yetu halisi, tukamweleza. Akaenda kwenye kundi akaandika kwamba amezungumza na waandaaji, wanadamu wa kawaida wenye wasiwasi, na kwamba kuna mtu asiye na hatia anayesumbuliwa. Walimwamini yeye kwa sababu walimjua. Jioni ile ujumbe ukakoma. Tulimwandikia yule mtu na familia yake kuwaomba radhi, tukabadilisha jina la mhusika, na tukawaeleza wachezaji sababu. Wachache waliondoka kwa hasira kwamba tumevunja ladha. Waliobaki wakacheza hadi mwisho, na sikuona furaha yao ikipungua.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao siulegezi. Mpaka kati ya hadithi na maisha hautokei wenyewe. Lazima mtu auchore, na auchore kabla ya mchezo kuanza, kwa sababu ukishaanza kila mstari unaouchora unageuka kuwa sehemu ya picha. Mwandaaji awe na anwani ya nje: mahali pamoja, panapojulikana tangu siku ya kwanza, ambapo hakuna mhusika anayezungumza na hakuna fumbo linalowekwa, milele. Mtu akiuliza pale "je, hiki ni sehemu ya mchezo?" ajibiwe ndiyo au hapana, na jibu liwe kweli. Na katika timu awepo mtu mmoja ambaye haigizi chochote, jina lake linajulikana, kazi yake ni kuaminika tu. Tulidhani kitu kama hicho kitaua msisimko. Sivyo. Watu wanaojua mlango wa kutokea uko wapi wanaingia ndani zaidi.

Nyingine ni za kawaida lakini zinasahaulika. Kila jina la mhusika litafutwe kwanza kwenye intaneti, pamoja na kazi yake, na likimgusa mtu aliye hai litupwe. Namba za simu na tovuti zinazotajwa kwenye hadithi ziwe mali yenu, na muendelee kuzimiliki baada ya mchezo, zisije zikaangukia kwa mwingine wakati wachezaji bado wanazipiga. Msiigize polisi, daktari wala huduma za dharura. Msibandike hadharani tangazo la mtu aliyepotea bila alama ya mchezo, kwa sababu mpita njia mwema ataripoti na watu watatoka kumtafuta. Mahali popote panapotumika, mwenye mahali ajue.

Kuna mbinu nyingine za zamani ambazo hazifai kuigwa tena hata kama zinasisimua kuzisikia. Mwaka 2007, katika mchezo wa Year Zero uliofungamana na albamu ya bendi ya Nine Inch Nails, flashi yenye wimbo iliachwa chooni kwenye tamasha lao mjini Lisbon ili mashabiki waikute. Wazo zuri kwa wakati wake. Leo kumfundisha mtu kuokota flashi asiyoijua na kuichomeka kwenye kompyuta ni kumfundisha kuibiwa. Mfuko ulioachwa peke yake mahali penye watu nao utaleta wataalamu wa mabomu kabla ya kuleta wachezaji.

Tukio lingine la mchezo wetu halikuwa la hatari, lakini ndilo nililolifikiria zaidi. Mchezaji mmoja alimwandikia mtunza kumbukumbu barua ndefu usiku. Ilianza na fumbo la wiki ile, ikateleza taratibu, mwisho ikawa inazungumzia mama yake aliyefariki na nyaraka zake ambazo hana nguvu ya kuzifungua. Alimwandikia mhusika kwa sababu mhusika naye alikuwa ameandika kuhusu masanduku ya marehemu. Tulibishana nani ajibu. Mmoja wetu, mwandishi mzuri kuliko sisi wote, alisema mhusika anaweza kumfariji kuliko sisi tutakavyoweza, na pengine alikuwa sahihi kuhusu ufundi. Mimi nilikataa. Mtu anapoleta msiba wa kweli anastahili kujibiwa na mtu wa kweli. Nilimwandikia kwa jina langu, nikamwambia mimi ni mmoja wa waandishi, nimeisoma barua yake na imenigusa, kwamba mtunza kumbukumbu atamjibu kuhusu fumbo, lakini kuhusu mama nampa pole mimi mwenyewe. Nikamuuliza kama ana mtu wa karibu wa kukaa naye atakapoyafungua yale masanduku. Alijibu siku ya pili, akashukuru, akasema dada yake anakuja. Aliendelea kucheza.

Ukiandaa mchezo huu, barua kama hiyo itakuja. Hadithi inayomfuata mtu hadi chumbani kwake itamkuta na vyote vilivyomo chumbani. Amueni mapema nani atajibu na atajibu kwa jina gani, msisubiri usiku wenyewe.

Kwa anayeingia kucheza tu, ushauri wangu ni mfupi zaidi. Fungua anwani ya barua pepe ya mchezo peke yake, na kama unaweza, namba ya simu ya pembeni. Usitoe anwani ya nyumbani wala picha ya kitambulisho. Mchezo wa kweli hauhitaji nywila yako wala namba ya akaunti ya benki, na matapeli wamejifunza kuvaa sura ya fumbo kwa sababu wanajua mcheza mafumbo hubonyeza kwanza kisha hufikiri. Usimpigie simu mtu ambaye mchezo wenyewe haukukupa namba yake. Fumbo likionyesha kwamba jibu liko nyuma ya uzio wa mtu, basi umelifumbua vibaya. Na awepo mtu mmoja asiyecheza anayejua unacheza nini. Si wa kukuchunga, ila siku ukimsimulia na ukajisikia unashindwa kueleza kwa nini lazima utoke saa nane za usiku, utajisikia mwenyewe.

Nimekutana na wanaoamini kwamba bila kukana, michezo hii inakufa. Historia yenyewe haikubaliani nao. World Without Oil, ulioongozwa na Ken Eklund mwaka 2007, uliwaambia watu waziwazi: tuwaze kwamba mafuta yameadimika, kisha kila mmoja aandike maisha yake yanavyobadilika. Kwa siku 32 watu waliandika, wakapiga picha, na wengine walibadilisha kwa kweli namna wanavyosafiri na kula. Miaka mitatu baadaye Taasisi ya Benki ya Dunia ilitoa Urgent Evoke, uliobuniwa na McGonigal, ambao uliwapa vijana kazi za kufanya katika jamii zao kupitia hadithi iliyowekwa mwaka 2020. Hakuna aliyedanganywa katika michezo hiyo miwili. Waliingia wakijua, na maisha yao halisi yakaguswa kuliko ya wengi waliofichwa.

Na mchezo ukiisha, hauishi kwa kila mtu siku moja. Perplex City ulikuwa na kadi yenye picha ya mwanamume mmoja na ombi la kumtafuta, jina lake la kwanza tu likijulikana, Satoshi. Zawadi kuu ya mchezo ilipatikana Februari 2007 katika msitu mmoja Uingereza, lakini kadi ile iliendelea kutafutwa hadi mwisho wa 2020, teknolojia ya kutambua nyuso ilipowezesha kumpata Japani. Miaka yote hiyo watu walimtafuta mtu halisi kwa niaba ya mchezo ambao ulikuwa umeshafungwa. Mimi naipenda sana habari hiyo, na inanitia wasiwasi vilevile, kwa sababu fumbo lililobaki mtandaoni halijui kwamba waandaaji wamelala.

Ndiyo maana kurasa za mchezo wetu hatukuzifuta. Juu ya kila ukurasa tumeweka mstari unaosema ni hadithi, mwaka iliochezwa, na kwamba imekwisha. Chini yake mafumbo yote yako na majibu yake. Anwani ya nje bado inafanya kazi na zamu ya kuisoma ni yangu. Wanaoandika ni wachache, zaidi ni wanafunzi wanaotaka kuandaa wa kwao, na huwa naanza kwa kuwauliza swali moja kabla ya kuzungumzia mafumbo: majina ya wahusika wenu mmeyatafuta?